Unga wa Mwajabu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Umeadimika, Rosalia. Tangu Kwaresma hujafungua daftari lako hili, leo unakuja na miwani puani kama mgeni wa heshima. Ulikuwa wapi? Usiseme kazi. Haya, sema kazi, maana safari hii ni kweli.

Naandika tamthilia ya tivii. Mie, ambaye darasa nililoingia ni la ngumbaru tu, kisomo cha watu wazima, tena na mimba ya Gervas tumboni. Monica, binti wa Gervas, ndiye mwandishi wa script kwenye kampuni inayoitengeneza. Akawa ananiuliza, bibi, mama mzee angesemaje hapa? Namwambia, anachapa kwenye kompyuta. Mwisho bosi wao, Brightson, akasema huyo bibi naye aandike. Sasa maneno yote ya wazee ni yangu.

Leo wamepiga picha uani kwetu hapa Chang'ombe. Bibi wa kwenye hadithi anamwombea mjukuu anayekwenda kupasuliwa moyo. Nikaandika kama tufanyavyo kwetu Masasi — anachota unga, anaumimina chini ya mti taratibu mpaka usimame kama kichuguu, anawataja wazee waliotangulia, anaomba mtoto arudi mzima. Unga ukisimama vizuri, wamesikia. Padri hapendi, najua. Padri hajalea mjukuu.

Aliyecheza ni Mwajabu, jirani yangu, Myao wa Tunduru, anayekaanga vitumbua pale kona. Brightson alimtazama mara moja, akasema huyu huyu. Mwajabu hakuigiza. Alimwombea yule mtoto kweli. Mshika kamera akafuta macho.

Jumatano, 20 Agosti

Leo tamthilia imeonyeshwa.

Tulikaa sebuleni kwangu kutazama. Mwajabu kavaa gauni la Idi. Basi maneno yangu yote wameyatoa. Hakuna jina la mzee hata mmoja. Wameweka ngoma, uso wake wameutia wekundu, na yale macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wameyavuta mpaka yamejaa kioo. Anamimina unga — mtoto hospitali anakata roho. Anamimina tena — daktari anaanguka.

Mwajabu akauliza, "Mama Gervas, mbona nimeua?"

Nikazima tivii. Monica jikoni analia, anaapa hakujua, wamebadilishia huko huko wanakounganisha picha. Namwamini. Lakini sikumbembeleza.

Ijumaa, 22 Agosti

Vitumbua vya Mwajabu vimelala. Mama mmoja kamvuta mwanawe mkono, usile cha huyo. Vijana wa bodaboda wanamwita Bibi Unga, wanacheka, ila wakifika kwake wanaongeza mwendo. Mwajabu anasema ni mzaha, utapita. Kumbe kahamishia karai chumbani. Anakaangia ndani, moshi wote unamrudia yeye.

Huko bara kuna vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, eti wachawi. Hawa wa tamthilia wanaligeuza jambo hilo burudani ya baada ya chakula. Sijui nawaitaje. Neno ninalo ila daftari hili nalala nalo.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekwenda ofisini kwao. Brightson akasimama — shikamoo bibi, kaa bibi, maji bibi. Adabu tele mdomoni. Nikamwambia, umemtupa mtu mzima jalalani.

"Bibi Rosa, hiyo ndiyo imetazamwa kuliko zote. Watu wanamtaka yule bibi. Wiki ijayo nataka akiri mbele ya mtaa mzima. Apige magoti, ataje aliowala. Niandikie wewe, una maneno."

"Yule alikuwa anaomba."

"Kuomba hakushiki watu, bibi."

"Mama yako yu hai?"

"Yuko Mbeya."

"Anapikia nini?"

"Kuni."

"Macho yake yakoje?"

Akachezea simu. Kisha akasema, kwa upole kabisa, nisipoandika mie kuna kijana ataandika, na Monica mlango anaujua.

Nimetema mate nje ya geti lao. Mlinzi kaniona. Na aone.

Jumatatu, 25 Agosti

Nilishaamua. Siandiki. Monica naye kakubali, atatafuta kwingine, tutakula mlenda. Halafu asubuhi Mwajabu kaingia bila hodi, kakaa mkekani. Wamempigia simu. Amewaambia atakwenda leo kukiri.

Nilimtukana. Matusi yote ya Kimwera, na ya Kiyao aliyonifundisha mwenyewe. Akasubiri nimalize.

"Mchawi nimeshakuwa," akasema. "Nisipokwenda ndiyo nitakuwa mchawi aliyekimbia. Sasa yatakayonitoka mdomoni nani ayaandike, wewe au huyo kijana?"

"Watakata tena."

"Na wakate. Ila niandikie nikiwa nimesimama. Haya magoti yakishuka, mtaita winchi."

Tukacheka. Mbaya sana kucheka siku kama hii.

Monica anasema wao hukata pale mtu anapovuta pumzi. Basi nimwandikie asivute. Wakimuuliza, fulani ulimla? — kosa na utetezi vikae kwenye pumzi moja. Nimemla Fransis huyu niliyempokea tumboni kwa mama yake nikamkata kitovu kwa mikono hii. Nimemla Bupe niliyemkesha kwa surua mpaka akaomba uji. Hivyo hivyo, jina kwa jina, wote watu wa mtaa huu na wote wazima, hata mkasi usipate pa kuingilia. Monica anachapa. Mwajabu anajaribu kuyasema, anaishiwa pumzi kwa Bupe. Tunafupisha. Anaishiwa tena. Tunafupisha.

Gari lao limepiga honi nje. Mwajabu anatafuta kiatu. Jina la tatu bado.

Wewe Rosalia, ukirudi hapa usianze kunieleza walikata au hawakukata. Niambie kwanza Mwajabu anakaangia wapi, pale kona au chumbani.