Mkurugenzi wa Magauni

Jumatatu, 3 Machi 2025
Tumetolewa kwenye fremu ya duka letu Mkuyuni. Mkataba umeisha, mwenye fremu anataka kuweka duka la dawa. Binti yangu Jasmin analia. Mimi nimewaambia majirani tunahamia kubwa zaidi! Magauni yote ya harusi yako sebuleni kwangu, yamevaliwa na masanamu yake. Mzee Okech kachungulia dirishani, kauliza mabinti hao wa kwa nani, na mahari keshapokea nani. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 5 Machi
Kaja Selina, aliyetukopesha magauni. Namtaka Mkurugenzi, kasema. Nikawahi—ndiyo mimi! Nikampa chai ya maziwa na chapati. Akala, akafuta mdomo: basi mama, deni ni lako. Na si una shamba Sengerema, ukishavuka kwa kivuko cha Kamanga? Yesu wangu! Kajuaje? ... Nilimwambia mwenyewe, siku ya ufunguzi, nimekalia kiti cha maharusi.

Jasmin kashika kichwa. Mama, leseni ina jina langu! Wewe nilikualika ukate utepe tu!

Kweli. Lakini niliukata vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa mwenyekiti wa mtaa, Yeremia. Jasmin kaongea kama wakili—mtoto wangu huyo! Deni ni langu, kasema, nitauza magauni nilipe kidogo kidogo, mama hahusiki, alikata utepe tu. Mwenyekiti kanigeukia: mama, wewe mkurugenzi au siyo? Neno moja tu, shamba langu linapona. Sasa Rebeka wa kwaya alikuwa mlangoni, kafuata barua ya utambulisho. Akaguna: "Kumbe mkata utepe!" Kanisa zima linajua mimi ni mkurugenzi! Nikasema kichwa kinauma. Selina atakuja nyumbani kesho kusikia jibu.

Jumamosi, 8 Machi
Tangu asubuhi Jasmin ananifundisha: sema "hapana, si mimi." Nimewaambia masanamu, nikaweza. Mara hodi! Selina, na Rebeka nyuma yake, eti anapita tu. "Shikamoo, Mkurugenzi," kasema Selina, kwa adabu hiyo, magoti yote chini! Nimekimbilia chumbani kutafuta kitenge. Naandika huku navaa. Kitenge kizuri, na viatu virefu. Jasmin yuko mlangoni ananong'ona: hapana, mama, hapana! Mama, shamba! Sebuleni Selina anaita: Mkurugenzi, uko wapi?

Nimeshaitika—