Yotham na mvua ya Haneti

Hana, Yotham amekwama ukweni. Amekwama kabisa, na mshenga wake ni mimi.

Tulifika kijijini Haneti vizuri. Mzee Ndahani, baba yake Anitha, binti tuliyekwenda kumposa, akamuuliza Yotham anafanya kazi gani. Angesema kompyuta tu, yangeisha. Yeye akaeleza yote: anawasaidia watafiti wa barafu ya kaskazini mwa dunia, na mfupa wa nyangumi ukikutwa kwenye ufuko wa kale, umri wake unaonyesha lini barafu ilirudi nyuma bahari ikawa wazi.

Mzee akaweka kibuyu chini. "Kwa mfupa tu unajua barafu ilikuja lini na iliondoka lini?"

"Kwa makisio, baba."

"Basi mvua yetu haikushindi. Tupande lini?"

Narudia, Hana. Tupande lini. Na majirani walishaanza kusogeza vigoda.

Yotham akasema kwa upole kwamba yeye anajua yaliyopita tu. Mzee akacheka. "Wenye kuleta mvua wote huanza kwa kukataa."

Akitaja siku na mvua isinyeshe, mbegu za watu zitaungua ardhini na Anitha hampati. Akikataa, ataonekana anawanyima wakwe mvua. Akatoa ukweli wa mwisho aliobaki nao: "Baba, makisio yangu hukosea hata kwa miaka mia mbili."

"Hakuna neno," mzee akasema. "Utakaa hapa mpaka inyeshe."

Ufunguo wa pikipiki tuliyokuja nayo ameshauchukua mjomba wake Anitha. Anitha namwona anamtandikia Yotham kitanda.