Simu ya Kona Baridi

Jumatatu, 3 Machi
Faili haijafika tena. Kila alfajiri kompyuta yetu hapa Kitengela inapigia ile ya kisimani Kona Baridi kwa laini ya simu, maana intaneti huko ni hadithi tu. Inafaa ilete vipimo vya maji bila mtu kugusa kitu. Rekodi inasema simu ilishikwa, halafu ikakatwa. Ilishikwa na nani?

Bosi amesema ikifika Ijumaa bila faili, hiyo laini itolewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimebadilisha kebo, spidi, hata modemu, kile kifaa kinachoshikia kompyuta simu. Wapi! Leo nilidamka, nikafungua spika nisikilize. Ikalia mara mbili, halafu sauti ya mama: "Naserian?" Mashine yetu ikampigia kelele sikioni. Nilisikia aibu mimi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda. Upepo wa huko hauna huruma. Simu ya mezani iko kwa nyumba ya mlinzi wa kisima, Yeyo Nolari (yeyo ni mama kwa Kimaasai), na kompyuta iko kando yake. Salamu za Kimaasai, "Takwenya," "Iko," kisha chai kwanza, kazi baadaye. Naserian ni binti yake, yuko Uarabuni. Mwajiri alimnyang'anya simu. Namba anayokumbuka kwa kichwa ni hii ya kisimani tu. Amenyamaza tangu Krismasi, ndiyo maana Yeyo anashika kila simu.

"Na huyu anayelia alfajiri ni nani?" akaniuliza. "Mimi humwombea."

Sikujua nicheke ama nilie. Nikamweleza, kisha nikaweka modemu ishike ikilia mara ya kwanza, kabla yake. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Faili imefika, nzima. Nikatembea ofisini kifua mbele. Halafu nikakumbuka: Naserian akipiga, modemu itamshika kabla ya mamake. Atasikia kelele, akate. Mjinga mimi! Nimerudi mbio Kona Baridi. Sasa modemu inaamka alfajiri kidogo tu, kisha inalala. Simu zingine zote ni za Yeyo. Ameahidi huyo wa alfajiri atamwacha apite.

Ijumaa, 7 Machi
Faili haijafika. Namba inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Yeyo hana mtu mwingine wa kuongea naye kwa hiyo simu ila binti yake.

Bosi ameuliza faili iko wapi. Nimemwambia itachelewa, nitaifuata mwenyewe na gari. Amenuna, lakini amekubali.

Kompyuta ilikuwa inapiga yenyewe tena na tena. Nimeizima. Waongee.