Barua Niliyoifuta

Duluth, Februari

Kaka Verner,

Theluji imefika madirishani, na paka uliyeniachia amenenepa hadi haruki tena.

Jana nilikuwa nawafundisha mawakili kufukua barua pepe zilizofutwa, zitumike kortini. Nikatumia kompyuta yangu kama mfano. Kwenye ukuta wa darasa, palipoonyeshwa skrini yangu, ikatokea barua niliyokuandikia miaka tisa iliyopita nikaifuta, nikikiri kwamba gari la Baba, lililokuwa likipita juu ya ziwa lililoganda likatumbukia barafu ilipopasuka, nililiendesha mimi, nikakusingizia wewe.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, si umetuambia ushahidi lazima apewe mpinzani, hata kama unakuumiza?"

"Nimewaambia."

"Sasa?"

Sasa barua yenyewe ndiyo hii, imo ndani ya bahasha. Baba nimeshamwambia. Anauliza utakuja lini. Mimi, na miaka yangu hamsini na mbili, ameninyang'anya funguo za gari.

Dada yako mwenye hatia,
Lorna