Giza la Shemeji Mattar

Jumapili, 6 Julai
Gari limefika leo tu, Mattar keshakuja na maoni yake. Shemeji kama huyu ni adhabu! Mimi nataka tinti nyepesi ya vioo, ile inayozuia miale ya jua, kwa kiwango kinachoruhusiwa. Ngozi ya binti yangu Afra haistahimili jua hata la dirishani. Mwaka jana malengelenge yalimlaza hospitali. Mattar kacheka. Ati tinti ya kuonekana ndani ni pazia gani hilo, watu wawaone wanawake wetu? Wanawake wenyewe ni mimi na mtoto wa miaka saba! Nikamwambia giza si kinga. Kamaliza tende zangu mbichi za rutabu, kaondoka.

Jumanne, 8 Julai
Kalichukua gari! Baba Afra kamruhusu kwa simu, huko kazini baharini — mwache, ni kaka yangu mkubwa. Limerudi vioo vyeusi tii. Kabandikiwa na rafiki yake, uani, siku ya vumbi. Mapovu kila kona, mchanga ndani. Na vile vioo vilitoka kiwandani na giza lao; kaongeza giza juu ya giza. Kifua mbele: "Sasa familia imesitirika." Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatano, 9 Julai
Shavu la Afra limebabuka. Upande wa dirisha. Kwenda kwa bibi yake tu! Kiza chote kile, na miale inapita. Nimelia kwa hasira.

Alhamisi, 10 Julai
Niko garini, uwanja wa ukaguzi. Nimemburuta Mattar aje ajionee. Mkaguzi kaweka kipimo kiooni, kamtazama: "Ami, humu hata paka haoni." Tinti ibanduliwe hapa hapa, ndipo gari litoke. Wamebandua. Mattar analalamika, ati wamemvunjia heshima. Heshima!

Sasa jua la mchana limejaa ndani, na Afra anatakiwa kwa daktari wa ngozi. Kajikunyata chini ya kiti. Nimemwambia Mattar avue kilemba, tukibane dirishani.

Kageuka kutazama foleni ya wanaume nyuma yetu. "Nikae kichwa wazi, Mama Afra? Mbele za watu?"

"Si ulitaka pazia, Shemeji?"

Mkono uko kichwani, kaushika ule ukanda mweusi unaokibana kilemba. Hauvui, hauachii.

Afra kachungulia. "Ami, kwani na wewe jua linakuunguza?"