Kicheko cha Sabasaba

Mugumu,
12 Julai 1976

Dada Robi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na shemeji na watoto hapo Musoma. Sisi miili ni mizima na mtama tumeshavuna, ila mioyo imechafuka.

Siku ya Sabasaba Mwalimu Ambokile, yule aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alionyesha mchezo wa kuchekesha mbele ya kijiji kizima. Mwanamume alivaa kitenge na ndevu za katani, akawa "mume" wa binti aliyemtolea ng'ombe. Alichechemea mguu wa kushoto kama mama, akafunga kilemba kama chake. Mtoto wao mchezoni akaulizwa baba yake ni yupi, akamshika ndevu. Watu walianguka kwa kicheko. Mama alikuwa benchi la mbele, na Gati, mke wake, kando yake amempakata Ryoba.

Kesho yake nilimfuata mwalimu. Alinijibu kwa upole kwamba mwanamke kumwoa mwanamke ili apate mrithi ni mila iliyopitwa na wakati, na kejeli ni dawa ya jamii, lazima iwe chungu. Nikamwuliza, "Mwenyekiti aliyewachomea watu nyumba ili wahamie hapa, yeye haumwi?" Akasema mchezo wa namna hiyo usingeruhusiwa. Nikamwambia ni mwoga. Amemcheka mjane kwa kuwa hana wa kumtetea. Na ule mguu, una kosa gani kwa taifa?

Tangu siku ile mama hatoki nje. Jumamosi Gati akaondoka na mtoto, kwao Gorong'a. Mama ameniagiza nikuandikie uje upesi tukamrudishe, maana ng'ombe waliomleta ni wa mahari yako, na Ryoba ndiye mwenye jina la baba.

Asilolijua mama ni hili. Gati naye alicheka. Nilimwona, na jikoni nikamkaripia. Akaniambia, "Wewe ulipelekwa sekondari. Mimi nilipelekwa hapa, sikuulizwa. Mwalimu wenu ni mjinga, lakini nimecheka ya kwangu." Mimi ndiye niliyembebea Ryoba hadi njia ya basi.

Ambokile simsamehe. Anatamba kwamba amemkomboa Gati, na hajawahi hata kumwuliza jina.

Ombi la mama nimelifikisha. Langu ni moja: usije.

Shemeji na watoto wapokee salamu zetu. Mama anakusalimu sana. Amekaa hapa karibu, anatazama kalamu inavyokwenda, anasema nikusisitizie.

Mdogo wako,
Verdiana