Ufa Chini, Juu ya Boriti

Kibiti, 4 Machi 1994

Mjomba Abbasi,
Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi ni kwenu huko delta. Kikohozi cha Mama Yasmini kimeisha?
Naandika kidogo maana barua hupita mikono mingi. Leo ofisini nimepiga taipu agizo la Kiingereza: wakubwa wata-“crack down on” boriti za mikoko. Mwalimu akufasirie, kisha ufanye upesi.
Mpwa wako,
Haidari

Nyamisati, 11 Machi 1994

Mjomba wangu Haidari,
Marahaba. Sisi wazima, kikohozi kimebaki kidogo tu. Mwalimu Seleman kafungua kamusi: crack ni ufa, down ni chini, on ni juu. Ufa chini, juu ya boriti zangu! Nikajua tu, wanataka kuchimba mabwawa ya kufuga kamba watunyang’anye ardhi. Basi sibanduki hapa, nimuone huyo mchimbaji. Lakini wewe, mbona hukuandika Kiswahili? Unamficha nani?
Mjomba wako,
Abbasi

Kibiti, 15 Machi 1994

Mjomba,
Shikamoo. Ala! Hakuna ufa wala bwawa. Maneno hayo yakikaa pamoja maana yake ni kubana watu, kukamata bila kusikiliza. Asiye na kibali hasalimiki. Najua boriti ni za nyumba ya Yasmini, lakini zitoe. Abdalah wa Bungu ana lori, atazificha kwake. Nakuomba sana.
Mpwa wako,
Haidari

Nyamisati, 20 Machi 1994

Haidari,
Salamu zimefika. Neno juzi halikuandikika kwa Kiswahili, leo limekuwa kukamata. Na dawa yake eti boriti zangu ziende kwa Abdalah, rafiki yako, anayeuza mbao Ikwiriri! Mimi si mtoto. Kwa dada yangu umetoka, lakini umekaa mno na wajanja. Boriti hazitoki.
Abbasi

Mahabusu, Kibiti, Aprili 1994

Mjomba wangu Haidari,
Hujambo? Mimi mzima, mbavu tu zinauma. Boriti wamechukua zote. Yasmini akiolewa itabidi akae kwetu na mumewe.
Walipotokea nikapiga kelele, “Mama yangu, kumbe ndiyo hiyo krakidauni!” Mkubwa wao akashtuka: “Mzee, neno hilo la ofisini umelipata wapi?” Tangu hapo wananiuliza hilo tu, boriti wamezisahau.
Nilikushuku bure, mwanangu, na roho inaniuma. Usije kuniona, wala usilete chakula. Nimewaambia nimelisikia redioni, na kwamba hapa Kibiti sina ndugu.
Barua hii anatoka nayo kwa siri mwenzangu anayeachiwa leo. Ukishasoma, choma.
Mjomba wako,
Abbasi